Mshipa Umefunguliwa, Hofu Bado: Maswali Yenu Kuhusu Maisha Baada ya Mshtuko wa Moyo

Tangu nilipoeleza kwamba nilipata mshtuko wa moyo nikiwa na miaka 47, barua zenu hazijakatika. Wengi wenu mko katika umri uleule: watoto bado wanasoma, kazi imepamba moto, halafu ghafla mtu anajikuta kitandani na nyaya kifuani. Mimi si daktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa madaktari na wauguzi walionihudumia, na kwa miaka 9 ya kuishi na moyo wenye kovu. Kuhusu dawa na vipimo vyako, msikilize daktari wako kuliko mimi.

Nina miaka 44, si mnene, sijawahi kulazwa maishani. Wiki tatu zilizopita nimewekewa stenti moja. Je, nimepona?

Mshipa umefunguliwa, ndugu yangu. Kupona bado kunaendelea.

Moyo nao unahitaji damu ya kuulisha, na huipata kupitia mishipa inayouzunguka kwa nje. Ndani ya kuta za mishipa hiyo mafuta hujijenga kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Siku moja utando unaoyafunika unachanika, damu inaganda juu ya kile kidonda, na bonge linaziba njia. Msuli uliokuwa ukitegemea mshipa huo huanza kufa baada ya dakika chache tu. Stenti, yaani kale kabomba ka wavu wa chuma, inapashikilia pale palipokuwa pameziba ili pabaki wazi. Mafuta yaliyo kwenye mishipa mingine yako palepale. Na ile sehemu ya msuli iliyokufa huchukua kama wiki 6 hadi 8 kugeuka kovu imara, kwa hiyo wewe wa wiki ya tatu bado unajengwa. Uchovu unaousikia una sababu.

Kuhusu umri usijione kioja. Mtu wa kwanza kupanuliwa mshipa wa moyo kwa puto, kazi iliyofanywa na daktari Andreas Grüntzig mjini Zurich mwezi Septemba 1977, alikuwa na miaka 38. Wembamba haumkingi mtu na sigara, presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) nyingi au kurithi. Ukirudi kliniki, uliza jambo moja ambalo wengi wetu hatuulizi: moyo wangu unasukuma asilimia ngapi? Moyo wenye afya husukuma takriban asilimia 50 hadi 70 ya damu iliyomo katika chumba chake cha kushoto kwa kila pigo. Ijue namba yako, maana dawa na mazoezi yako yanapangwa kwa kuitazama.

Mchana niko sawa. Usiku nikilalia ubavu wa kushoto nasikia moyo unagonga kwenye mto, basi nahesabu mapigo hadi alfajiri. Kila kichomi nadhani ndio mwisho.

Barua yako niliisoma mara mbili, dada, kwa sababu ni mimi kabisa. Wiki ya kwanza nyumbani nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni, vidole viwili vimekaa juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, palepale walipoupitisha ule mrija hadi moyoni kunifungua mshipa, na alama yake ilikuwa bado ya zambarau. Nilikuwa nikilinda zamu. Niliamini nikisinzia, moyo nao utasinzia.

Kilichonisaidia si kuambiwa "usiogope". Ni muuguzi mmoja aliyeketi nami akanifundisha kutofautisha maumivu. Kichomi kinachodumu sekunde chache, unachoweza kukionyesha kwa ncha ya kidole, kinachozidi ukibonyeza au ukivuta pumzi, mara nyingi si moyo. Maumivu ya moyo kwa kawaida ni kubanwa, uzito au kuungua katikati ya kifua, kama kitu kizito kimekukalia, na huweza kusambaa hadi mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukatika. Na ninyi akina mama sikilizeni hapa: kifua huuma kwenu pia, lakini zile dalili nyingine, kama uchovu usioeleweka, kichefuchefu, maumivu ya taya na mgongo, huja kwenu mara nyingi zaidi, na wengi huambiwa ni tumbo au ni mawazo. Usikubali kurudishwa nyumbani kabla hujapimwa umeme wa moyo.

Halafu andika karatasi moja, uibandike ukutani karibu na kitanda. Maumivu yakija: keti. Kama ulipewa dawa ya kuweka chini ya ulimi, itumie ulivyoelekezwa. Dakika 5 zikipita bila nafuu, piga simu ya dharura, na usiendeshe gari mwenyewe. Nilipobandika karatasi yangu ndipo nilipoanza kulala, kwa sababu kukumbuka la kufanya sasa ilikuwa kazi ya ukuta. Na kama una shaka, nenda hospitali. Hakuna aibu ya kwenda mara kumi na kuambiwa ni gesi.

Mume wangu ana miaka 51. Tangu atoke hospitali simruhusu kunyanyua hata ndoo. Yeye anakasirika, mimi nalia. Nani kati yetu amekosea?

Hakuna aliyekosea, mama, ila yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli.

Hofu yako ina historia. Zamani madaktari wenyewe waliwalaza wagonjwa wa namna hii chali kwa wiki sita, wengine wakilishwa kwa kijiko, wakiamini kwamba moyo hautastahimili hata kugeuka kitandani. Walioganda damu miguuni kwa kulala tu walikuwa wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Boston, daktari Samuel Levine na daktari kijana aliyekuwa chini yake, Bernard Lown, walithubutu kuwaketisha wagonjwa kwenye viti. Walipingwa vikali. Wagonjwa wakaendelea vizuri zaidi. Kisha Septemba 1955 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, akapata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 64. Taarifa ya kwanza kwa waandishi wa habari ilisema ni tumbo. Daktari wake wa moyo, Paul Dudley White, aliamini kwamba mgonjwa kama huyo anaweza kurudi kwenye maisha yenye shughuli, na mwaka uliofuata Eisenhower aligombea tena na kushinda. Alifariki mwaka 1969.

Leo ushauri umegeuka kabisa: msuli wa moyo, kama msuli mwingine, huimarika kwa kutumika, ilimradi kidogokidogo. Kama hospitali yenu ina mpango wa mazoezi ya wagonjwa wa moyo chini ya usimamizi, mpeleke, na wewe uende naye ukaone kwa macho yako akitembea kwenye mashine huku mapigo yake yakisomwa. Wake na waume wengi hofu imewatoka pale, si kwa maneno. Kama mpango hakuna, aanze na matembezi ya dakika chache kwenye tambarare na kuongeza kila siku chache kadiri daktari atakavyoruhusu, hadi afikie kama dakika 150 kwa wiki. Kipimo ni mdomo wake: akitembea aweze kuongea nawe, ila asiweze kuimba. Ndoo nzito isubiri wiki chache, hasa kama alifunguliwa kifua. Kikombe chake anaweza kukiosha leo.

Na utembee naye. Usitembee nyuma yake ukimchunga.

Natumia vidonge vya aina tano. Najisikia mzima kabisa. Naweza kupumzika navyo?

Hapana. Naandika neno hili kwa uzito wote nilio nao, kwa sababu nilikuwa na rafiki wodini aliyejisikia mzima kabisa.

Mnapowekewa stenti, mwili unauona wavu ule kama kitu kigeni, na damu hupenda kuganda juu yake kabla utando mpya haujaufunika. Ndiyo maana mnapewa aspirini pamoja na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda. Hiyo ya pili mara nyingi huchukua mwaka mmoja, aspirini huwa ya kudumu. Ukiziacha ghafla, stenti inaweza kuziba siku yoyote, na hapo msuli unakufa upya. Hata daktari wa meno akikwambia uache kabla hajang'oa jino, mwambie azungumze kwanza na daktari wako wa moyo. Dawa ya lehemu nayo haishushi namba tu. Inayatuliza yale mafuta yaliyobaki ukutani yasichanike.

Kama dawa inakusumbua, sema. Kuna ile ya presha inayoleta kikohozi kikavu kisichoisha. Ipo mbadala yake. Kuna ya kupunguza mapigo inayochosha na kupoza mikono; kiasi chake kinaweza kurekebishwa. Na maumivu ya mgongo au goti yasikupeleke kununua ibuprofen au diclofenac kienyeji, kwani huongeza hatari kwa watu wenye historia yetu. Muulize mfamasia, na umtajie moyo wako kabla ya kumtajia goti.

Samahani kwa swali hili. Tendo la ndoa je? Tangu Januari tunalala kama ndugu.

Hakuna cha kusamehewa, kaka. Ni swali linaloletwa kwangu kwa siri kuliko yote, na kliniki haliulizwi.

Kwa mtu na mwenzi wake waliozoeana, nguvu inayohitajika ni kama ya kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka. Ukiweza kufanya hivyo bila kifua kubana wala pumzi kukatika, kwa kawaida mnaweza kurudiana, na kwa mshtuko usio na matatizo mengine hilo huwezekana ndani ya wiki chache, si miezi. Thibitisha na daktari wako. Onyo moja ambalo halina mjadala: kama unatumia dawa ya nitrati, ile ya chini ya ulimi au ya kila siku, usiguse kabisa sildenafil, ile dawa ya nguvu za kiume, wala ndugu zake. Zikikutana, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Na nguvu zikipungua, huenda ni dawa, huenda ni woga, na vyote vina tiba. Anzeni kwa kushikana tu, bila kudaiana kitu.

Nimepunguza sigara kutoka kumi na tano hadi tatu. Inatosha?

Umejitahidi, lakini haitoshi. Kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko, kuacha kabisa hupunguza hatari ya kufa kwa karibu theluthi, na dawa chache sana zinafikia hapo. Omba msaada wa viraka vya nikotini au dawa ya kuacha. Hizo tatu ndizo ngumu kuliko zile kumi na mbili.

Mimi ni mwanaume wa miaka 53. Nalia nikiona tangazo la sabuni. Sina hamu ya kitu. Wananiambia nimshukuru Mungu niko hai.

Unaweza kumshukuru Mungu na ukawa mgonjwa kwa wakati mmoja. Takriban mtu mmoja kati ya watano hupata sonona kamili, yaani huzuni nzito iliyokuwa ugonjwa, baada ya mshtuko wa moyo, na sonona isiyotibiwa huuathiri moyo wenyewe: mtu huacha dawa, huacha kutembea, hurudi wodini. Machozi ya wiki za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili kila siku, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu na kujiona huna thamani, mweleze daktari kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Yanatibika kwa mazungumzo na mshauri, kwa mazoezi, na kwa dawa zilizo salama kwa moyo. Ukifikiria kujidhuru, usingoje miadi. Mwambie mtu leo.

Nami nililia, na sikujua ninalilia nini. Baadaye nikajua: nilikuwa nikimlilia yule mtu ambaye hakuwahi kuufikiria moyo wake. Alikuwa mtu mwema, na hakurudi.

Mwanangu wa miaka 9 huja chumbani usiku kuhakikisha kama napumua. Nimwambie nini?

Mwambie ukweli unaomtosha. Kwamba bomba dogo la moyo liliziba, madaktari wakalifungua, na unakunywa dawa zako ili lisizibe tena. Mwambie hakuna alichofanya au kusema kilicholeta ugonjwa. Watoto hubeba mzigo huo kimyakimya. Usimwahidi kwamba hutakufa. Mpe kazi anayoiweza: mfundishe namba ya dharura na namna ya kueleza mnapoishi, halafu mfanye mazoezi pamoja mara moja. Na asubuhi umruhusu akuhesabie vidonge.

Binti yangu alikuwa na miaka 10. Alikuwa akifungua mlango taratibu, anasimama, anasikiliza. Nilikuwa nikijifanya nimelala huku nikipumua kwa sauti makusudi ili asikie. Hatukuwahi kulizungumza hadi mke wangu alipotulazimisha. Baada ya hapo alikuja bado, ila alikuwa akisema "Baba?" na mimi naitika, naye anarudi kulala. Sikumbuki ni usiku gani aliacha. Nilichogundua ni kwamba nami nilikuwa nimelala hadi asubuhi.