Hii sentensi inafanya kazi gani kwenye hoja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najiandaa na LSAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada, na kinachonitesa ni yale maswali ambayo wanachukua sentensi moja kwenye hoja alafu wanakuuliza inafanya kazi gani humo ndani. Mimi nikiona "kwa hiyo" nahesabu hilo ndo hitimisho, nasonga mbele, nikija kusahihisha nakuta nimekosa. Nimekariri maneno ya dalili yote na bado nakosa. Tatizo langu nini hasa?

JIBU: Marahaba. Tatizo ni huko huko kwenye kukariri. Hayo maneno yanasaidia, sikatai, lakini "kwa hiyo" inakwambia tu kwamba kinachofuata kimetokana na kitu kilichotangulia, haikwambii kwamba mwandishi ameishia hapo. Anaweza akasema "kwa hiyo" katikati ya safari alafu akaendelea kujenga juu yake.

Soma hii: "Wengi wanaamini kukesha ukisoma kabla ya mtihani kunasaidia. Lakini ubongo huimarisha kumbukumbu wakati mtu amelala, kwa hiyo anayekesha hupoteza sehemu ya alichosoma. Ni kweli anayekesha anapata saa nyingi zaidi za kusoma. Hata hivyo, usiku wa kuamkia mtihani ni bora kulala."

Wakikuuliza kuhusu "anayekesha hupoteza sehemu ya alichosoma", wewe ungesema hitimisho, si ndio? Sasa jiulize mwandishi anataka nikubali nini mwisho wa yote. Anataka nikubali kwamba ni bora kulala, na hiyo sentensi haina hata "kwa hiyo". Ile ya kupoteza ulichosoma ni hitimisho la kati, yaani yenyewe imeshikiliwa na habari ya ubongo, na papo hapo inashikilia ushauri wa kulala. Inapokea na inatoa. Hapa ndo watu wengi sana wanaangukia, na watunga mitihani wanajua.

Ukiwa na wasiwasi kati ya sentensi mbili, ipi inabeba ipi, weka "kwa sababu" katikati yao usome kwa sauti. "Ni bora kulala kwa sababu anayekesha hupoteza sehemu ya alichosoma" inakaa vizuri. Geuza: "anayekesha hupoteza sehemu ya alichosoma kwa sababu ni bora kulala", hapo hata sikio linakataa. Mimi nakipenda sana hiki kipimo kuliko orodha yoyote ya maneno maana kinakulazimisha uangalie nani anamtegemea nani, na kazi ya sentensi inatokana na hapo, sentensi hiyo hiyo ukiihamishia hoja nyingine inaweza kubadilika kabisa.

Zilizobaki ni rahisi. "Wengi wanaamini" ni msimamo unaopingwa. "Ni kweli" ni mwandishi anakubali jambo linaloenda kinyume naye, haliungi mkono hitimisho, ukilifuta hoja inabaki imesimama vile vile.

Alafu jambo moja naliona kwa wanafunzi wengi na linaniuma: mtu kashaielewa hoja, lakini anakimbilia kusoma majibu kabla hajasema mwenyewe. Yale majibu yameandikwa kwa lugha ya kuelea, "dai linalotolewa ili kuunga mkono dai jingine ambalo nalo...", ukifika huko mikono mitupu utachanganyikiwa tu. Funika majibu, sema kwa maneno yako "hii ni sababu" au "hii ndo anayopinga", ndo ufunue. Na jibu likiwa kweli nusu ya kwanza alafu nusu ya pili linadanganya, mfano linasema ni sababu (sawa) ya kitu ambacho mwandishi anakipinga (si sawa), hilo ni kosa, lipige chini bila huruma.

SWALI: Kuna haja kweli ya kuhangaika na aina moja ya swali? Muda wenyewe hautoshi.

JIBU: Ipo. Tangu Agosti 2024 sehemu ya michezo ya mantiki (yale mafumbo ya kupanga watu au vitu kwa masharti) imeondolewa kwenye LSAT, na sasa zinazohesabiwa ni sehemu 2 za hoja na 1 ya ufahamu, kila moja dakika 35, kwa hiyo hoja ndo zimebeba sehemu kubwa ya alama zako. Na kujua hitimisho liko wapi kunahitajika kwenye swali la kudhoofisha hoja, la kuiimarisha, la kutafuta dhana iliyofichwa, huwezi kudhoofisha kitu ambacho hujakiona. Kuhusu muda, wiki mbili za kwanza weka saa pembeni kabisa, chukua hoja 5 kwa siku, andika pembeni ya kila sentensi kazi yake, hata kama swali halijauliza hivyo.