Kashata siku ya theluji

Dada yangu, umeuliza uwapikie nini kitamu watoto wako wa miaka 4 na 7 huko Ottawa, maana shule zimefungwa kwa theluji na nyumba haikaliki. Mimi nakwambia kashata za nazi. Hazitaki oveni, na nazi kavu ya pakiti inatosha.

Chemsha kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji. Hapo watoto wakae mbali kabisa na jiko, tafadhali sana, kwani shira ya moto hung'ang'ania ngozi na kuunguza kuliko maji. Mkubwa mpe kinu atwange iliki, mdogo apake siagi kwenye sinia. Wangu huyu mdogo alipaka mpaka viwiko, nikamwacha.

Dondosha tone la shira kwenye maji baridi. Likijikusanya kama kidonge laini, tia nazi vikombe 2 na iliki, koroga mpaka iachane na sufuria. Mimina, isubiri ipoe kidogo, kisha waishindilie kwa mgongo wa kijiko. Kata ingali vuguvugu, ikikauka itavunjika hovyo.

Na kwa kuwa mko Kanada, jaribuni na ya wenyeji: chemsha shira ya mti wa mepo (maple) ifike nyuzi 113 za Selsiasi hivi, uimwage kwa mistari juu ya theluji safi, mpya, iliyoshindiliwa kwenye trei. Inaganda palepale, nao wanaizungushia kijiti na kula.