Kamera ya Filamu ya Kwanza: Hesabu Matundu Kabla ya 4K

Kila anayetaka kutengeneza filamu yake mwenyewe huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huanza na swali lile lile: ninunue kamera gani? Nunua yenye tundu la maiki, inayokuruhusu kupanga mwangaza kwa mkono, na isiyomeza zaidi ya nusu ya fedha zako. Mengine tunayoyasema hapa yanamhusu mtu wa Uyole, Mafinga au Njombe anayeshuti na wenzake watatu au wanne, vifaa vikipandishwa bajaji.

Tuseme mfukoni kuna milioni 2. Mwili wa kamera, tena wa mtumba, usivuke laki 9. Laki 3 ziende kwenye maiki, kinasa sauti na hedifoni. Laki mbili na nusu lenzi, laki 2 stendi ya miguu mitatu yenye kichwa cha mafuta (kinachogeuka kwa ulaini), laki 2 kadi na betri za akiba, na laki moja na nusu filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) na taa moja ndogo. Wengi hufanya kinyume: milioni 1.8 kwenye kamera, halafu wanashikilia kwa mkono na kurekodi sauti kwa maiki ya ndani. Watazamaji wa filamu za hapa wanavumilia picha yenye chenga. Mazungumzo yasiyosikika hawayavumilii hata dakika tano.

Kama milioni 2 haipo, simu inatosha kujifunzia. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure kwa iPhone na kwa baadhi ya simu za Android. Simu yako ikiikataa, jaribu Open Camera. Kazi ya programu hizi ni kufunga vitu ambavyo simu hupenda kuvibadilisha yenyewe katikati ya shoti: ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga), fokasi na rangi ya mwanga. Panga fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kuna sababu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukishuti fremu 30 kwa shata 1/60, mistari myeusi inaanza kutembea juu ya picha, na hakuna namna rahisi ya kuiondoa baadaye. Kwenye kamera tatizo ni lile lile: ingia kwenye menyu, badilisha mfumo wa NTSC (wa fremu 30) uwe PAL (wa fremu 25), ndipo fremu 25 zitakapoonekana. Kamera nyingi za mtumba hufika zikiwa kwenye NTSC na mnunuzi hajui.

Matundu ya pembeni

Geuza kamera ubavuni. Tundu la maiki la milimita 3.5 ni lazima. Tundu la hedifoni ni neema. La HDMI ni la kuunganisha skrini ya nje siku ukiipata.

Kwa kipimo hicho Sony a6000, ambayo vijana huipenda kwa udogo wake, inaanguka mapema: haina tundu la maiki. a6300 na a6400 zinalo, ila hazina la hedifoni, na a6300 ikishuti 4K (picha yenye nukta mara nne ya 1080p) muda mrefu juani hupata joto na kujizima. Canon 600D na 700D zina maiki bila hedifoni, zinatoa 1080p (HD kamili), na bado zinafaa sana kwa mwanafunzi. 600D hukata faili likifika GB 4, yaani kama dakika 12, kwa hiyo usiiachie sherehe nzima. Udhaifu mwingine wa Canon hizo ni mistari ya karibu karibu: paa la bati likiwa mbali, au shati la michirizi, huchezacheza rangi. Mwambie mwigizaji aje na nguo ya rangi moja. Canon 80D ina matundu yote mawili na fokasi yake ya kufuata uso ni ya kuaminika. Panasonic GH4 na GH5 nazo zina yote mawili, lakini sensa zake (kipande kinachopokea picha) ni ndogo, na usiku kijijini utaziona chenga haraka.

Canon M50 inauzwa kwa jina la 4K. Ukiiwasha hiyo 4K, picha inakatwa sana pembeni na fokasi ile nzuri inapotea. Ishuti 1080p na utaridhika. Hata kwa kamera nyingine, filamu ya kwanza ya 4K itakupa mafaili mazito ambayo kompyuta yako pengine haiyawezi.

Siku ya kukagua mtumba nenda na kadi yako, hedifoni, maiki na tochi ya simu. Chomeka maiki, rekodi, tikisa waya: sauti ikikatika, tundu limelegea. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani mwanya wa lenzi ukiwa mdogo, uone vumbi la sensa. Funika lenzi, panda ISO 1600, rekodi dakika moja, kisha tafuta nukta nyekundu au nyeupe zisizohama. Iache irekodi dakika 20 mfululizo muuzaji akikupigia hadithi. Na kama ni Sony, fungua menyu kabla ya kutoa hela, kwa sababu nyingi zilizouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake.

Lenzi imulike kwa tochi kutoka nyuma. Vumbi kidogo si hoja. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi iliyokaa kabatini kwenye unyevu wa Kyela au Tukuyu huipata kwa urahisi. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Zako zitunze kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Lenzi gani? Wote watakuambia 50mm f/1.8, na kwa nyuso ni nzuri kweli. Lakini kwenye Canon za sensa ya APS-C (kama 600D, 700D na 80D), ukisimama mita 2.5 kutoka kwa mtu, 50mm inaona upana wa mita 1.1 tu. Chumba cha kupanga cha Mwanjelwa hakikupi nafasi ya kurudi nyuma zaidi ya hapo. Lenzi ya 24mm f/2.8 kwa umbali huo huo inaona mita 2.3: watu wawili na meza yao. Ukilazimika kuchagua moja, chukua 24mm, au baki na 18-55 iliyokuja na kamera mpaka ujue unachokikosa.

Bati, upepo na mvua

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi huku, na adui mkubwa ni paa. Mvua ikigonga bati lisilo na dari, hakuna maiki itakayookoa mazungumzo. Kuanzia Novemba hadi Aprili panga shoti za ndani zenye maneno asubuhi, na mchana ubaki wa shoti zisizo na maongezi. Tukuyu mvua haina adabu ya msimu, kwa hiyo tafuta nyumba yenye dari kabla ya kutafuta nyumba nzuri.

Maiki ya kubana kwenye nguo kama Boya BY-M1 ina waya wa mita 6, inatosha kwa mtu aliyekaa. Ibane shubiri moja chini ya kidevu, juu ya nguo, mbali na lesi, mkufu na kitenge kipya chenye wanga: nguo hiyo hukwaruza kila mwigizaji anapopumua. Maiki hiyo ina swichi ya kuchagua simu au kamera, na ikiachwa upande usio sahihi unapata ukimya au mvumo. Betri yake ndogo ya LR44 izimwe kazi ikiisha.

Kwa watu wawili wanaotembea, funga maiki ya mbele (inayosikia zaidi upande inakoelekezwa) kwenye ncha ya fito. Mwanzi mkavu wa mita 2, ule ule wa mashamba ya ulanzi Iringa, ni mwepesi kuliko fito nyingi za dukani. Aliyeushika asisugue mikono. Maiki ielekee mdomoni kutoka juu, mita moja au chini yake, nje kidogo ya fremu. Kwenye upepo wa Makambako sponji nyeusi haisaidii kitu. Inatakiwa ile ya manyoya.

Kwenye kamera zima sauti ya kujipanga yenyewe, maana watu wakinyamaza huvuta kelele za bajaji na friji hadi juu. Panga kwa mkono ili maneno makubwa yafike karibu -12 dB. Kinasa sauti cha pembeni, mfano Zoom H1n, kiwekwe 48 kHz, si 44.1, na mwanzo wa kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili picha na sauti zioane mezani. Kina tundu la hedifoni, kwa hiyo kinaziba upungufu wa kamera. Friji ikizimwa, weka funguo za nyumba ndani yake, hutasahau kuiwasha. Kabla ya kuondoka kila eneo, wote wanyamaze, urekodi sekunde 30 za ukimya wa pale. Ndizo zitakazoziba mashimo wakati wa kuhariri.

Jua, ukungu na baridi

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Shuti hadi saa 4 asubuhi, kisha rudi saa 10 jioni. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:15 jioni mwaka mzima, ila ukiwa bondeni, mlima wa magharibi hukuibia hata nusu saa. Mchana ukikulazimu, mwingize mtu barazani, nyuma yake pawe na kivuli, halafu mrudishie mwanga kwa manila nyeupe au shuka lisilo na maua. Ngozi nyeusi mbele ya anga jeupe huwa giza tupu ukiiachia kamera iamue. Pima mwangaza usoni, anga liungue likitaka.

Filta ya ND wengi huiona anasa. Hesabu hii hapa: juani, kwa ISO 100 na shata 1/50, lenzi inadai f/22. Ukitaka f/4, lazima upunguze mwanga hatua 5 (kila hatua hukata nusu), yaani ND32. Bila filta mtu hukimbilia shata 1/1600, na mwendo wa watu unakuwa wa kukatika katika. Ya kuzungusha ya ND2 hadi ND32 inafaa, usiizungushe mpaka mwisho tu, maana itachora X nyeusi kwenye picha. Nunua ya milimita 58 inayoingia 18-55 ya Canon, pamoja na ringi za kuunganishia za 49 na 52 kwenda 58, filta moja ihudumie lenzi zote.

Ukungu wa asubuhi ni taa ya bure, laini kuliko yoyote utakayokodi. Usitumie picha bapa za log (zilizofifishwa ili zipakwe rangi baadaye) kwenye kamera ya biti 8 (yenye vivuli vichache vya rangi) wakati huo: ukianza kuzipaka rangi, anga litatokeza ngazi ngazi. Chukua picha ya kawaida, punguza makali na kontrasti. Funga rangi ya mwanga 5600 K juani, karibu 6500 K ukunguni.

Kitulo, kama mita 2,600 juu ya bahari, maua yake huja na mvua, kwa hiyo mwavuli wa kamera ni sehemu ya vifaa. Juni na Julai asubuhi baridi hula betri, zile za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti. Kamera iliyotoka nje kwenye baridi isifunguliwe kando ya jiko la mkaa. Iache saa moja ndani ya begi lililofungwa zipu, la sivyo jasho litaota ndani ya lenzi.

Zoezi, kibali na nakala

Jifunze kwa tukio moja: watu wawili, meza moja, ugomvi wa kodi ya nyumba, kurasa 2. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Piga shoti pana ya tukio zima, kisha kila mmoja kutoka bega la mwenzake, kila uso kwa karibu, na mkono ukihesabu hela. Kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha, ukivuka wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Rekodi sekunde 5 kabla na 5 baada ya kitendo. Hariri, onyesha watu wasio ndugu zako, rudia tukio lile lile wiki inayofuata.

Filamu ya kutolewa hadharani inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu. Hifadhini kuna TANAPA, droni ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mtaani anza kwa mwenyekiti kabla hajakufuata yeye. Stesheni ya TAZARA usiinyooshee kamera bila barua.

Kadi nunua yenye alama V30 (ya kasi ya kurekodi video), uipime kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, kwani bandia huandikwa GB 64 na kubeba 8. Kwa 4K ya Mbps 100, GB 64 halisi ni dakika 85. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ya bure inatosha, kompyuta iwe na RAM ya GB 16, na tengeneza nakala nyepesi za 720p za kuhariria. Usiku ule ule nakili kwenye diski mbili, kila moja ilale nyumba yake, na kadi isifutwe mpaka faili kadhaa zimechezwa kutoka kwenye diski zote mbili, mwanzo hadi mwisho.