Bi Sinema Anajibu: Mbona Filamu ya Freddie Huitaki?

Toleo lililopita nilitaja filamu ninazozipenda na nisizozitaka, juu kabisa nikaweka Mother India na Vuta N'kuvute, chini nikaiweka Bohemian Rhapsody, ile ya maisha ya mwanamuziki Freddie Mercury. Basi meseji zimemiminika! Hizi ndo nilizoweza kuzijibu.

Assalaam alaykum Bi Sinema. Mie umeniudhi. Freddie Mercury mtoto wa hapa hapa Unguja, dunia nzima inamjua, ikatolewa filamu ya kumsifu na mwigizaji wake akachukua Oscar, wewe unaitia kwenye zile mbaya. Kwani ana kosa gani? (Kijana wa Kikwajuni)

Waalaykum salaam mwanangu. Freddie hana kosa, na Rami Malek pia hana, ile Oscar ya 2019 kaitolea jasho na ile sehemu ya mwisho ya tamasha uwanjani Wembley naipenda mpaka leo. Mie ugomvi wangu ni na hadithi waliyoiandika.

Kwanza hadithi yenyewe inamchukua mwaka 1970, kijana anapakua mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Sasa huyu mtu kazaliwa hapa 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baba yake keshia wa mahakama, akapelekwa India kusoma skuli ya bweni huko Panchgani, akarudi, halafu 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Mtoto kakulia mji ambao adhana na kengele ya kanisa la Mkunazini anazisikia siku moja, nyimbo za Kihindi zinatoka dirishani, taarab inatoka jengine, halafu filamu ya muziki wake haina haja ya kufika huku hata kidogo! Sisi tumebaki kutajwa tajwa tu kwenye mazungumzo ya familia. Hilo limeniuma lakini ningelisamehe, maana filamu ya masaa mawili haiwezi kubeba kila kitu.

Nisilolisamehe ni la maradhi. Kwenye filamu, siku chache kabla ya Live Aid, lile tamasha la hisani la Wembley, Julai 1985, Freddie anawaambia wenzake wa bendi ya Queen kwenye mazoezi kuwa ana ukimwi, wanakumbatiana, halafu wanapanda jukwaani na sie watazamaji tunalia kwa kuwa tunajua anayeimba anakufa. Kumbe walioishi naye wanasema alipimwa akaambiwa 1987, yaani miaka miwili baadae. Na wanavyoonyesha kwamba bendi ilikuwa ishasambaratika ndo ikarudiana siku ile, si kweli, albamu ya The Works ilitoka 1984 na ziara yake wameimaliza Mei 1985, walikuwa wamo kazini moto moto.

Mie sikatazi filamu kufupisha mambo, au watu wawili kufanywa mmoja, au kuhamisha mtaa, hayo ni kazi yao. Lakini maradhi ya mtu alokwishakufa, hana wa kumuuliza, unayachukua unayasogeza ili mwisho wako upate machozi, hapana. Na hakukuwa na haja! Itazame ile Live Aid ya kweli, mtu yuko mbele ya umati ule na fimbo yake ya maikrofoni, anatoa sauti na wao wanamjibu, anawapeleka anavyotaka. Hapo unataka kuongeza nini tena?

Bi Sinema nakuheshimu ila Mother India hapana. Mama gani anampiga risasi mwanawe wa kumzaa? Mie nilizima TV. (Mama wa Wete, Pemba)

Bibi yangu, nakuelewa na uchungu wako wa kizazi nauelewa, lakini umezima pale ilipokuwa ikilipa deni lake. Hebu irudie kuanzia mwanzo ukiangalia zile bangili. Harusi ya Radha, ndo huyo mama, imefanyika kwa mkopo wa rupia 500 kwa Sukhilala mla riba, na riba yake ni robo tatu ya mavuno, kila mwaka! Mume anavunjwa mikono na jiwe, anaondoka kwa kuona haya, Nargis, anayemwigiza Radha, anabaki na jembe na watoto. Nyie wa Pemba ndo mnaojua haya kuliko mtu yeyote, wazee wa karafuu walioweka mashamba rehani hawakuhitaji kutafsiriwa.

Birju, yule mtoto mtundu, kakua na kitu kimoja tu kichwani, bangili za mama yake zilizo kwa yule mla riba. Mpaka amuue, mpaka aazimie kumteka binti wa yule bwana siku ya harusi yake. Na mama alishamkanya, heshima ya mtoto wa watu haiguswi. Anapofyatua ile bunduki anakwenda mbio kumpakata, yeye mwenyewe ndo wa kwanza kulia. Filamu ya 1957, Mehboob Khan kaiongoza kwa muda mrefu na wala hakukuficha kitu, kila chozi unalolitoa mwisho ulishaonyeshwa sababu yake masaa mawili nyuma. Hiyo ndo tofauti yake na ile ya Freddie. Tafadhali bibi yangu ifungue tena, mkae na wajukuu.

Da' Sinema, Vuta N'kuvute naweza kuiangalia na baba mkwe? Kakisoma kitabu na anaisubiri kwa hamu. (Binti wa Jang'ombe)

Shoga yangu usithubutu, ya mapenzi ile, na mapenzi yenyewe yanaonekana, utakaa umejifunika kanga uso mzima. Mwache mzee aangalie na rafiki zake wa barazani. Wewe nenda na shoga zako mkaisikilize, maana mie raha yangu kubwa mle ni masikio, Kiswahili chetu cha Mji Mkongwe na Ng'ambo, wale wahusika Yasmin na Mwajuma wanavyosemezana. Mzee mwambie mapema kuwa riwaya ya Adam Shafi ni nene na Amil Shivji aliyeiongoza filamu hakuweza kuitia yote, asije akakaa anahesabu kilichokosekana.

Filamu gani za kwetu huzitaki kabisa? (Msomaji wa Mkoani)

Zile zilizokatwa ikawa pati wani na pati tuu wakati hadithi ni ya saa moja tu. Mtu anashuka kwenye gari, anatembea mpaka mlangoni, anapiga hodi, anasubiri, muziki wote unalia, na hakuna kilichotokea, ilikuwa kuvuta muda tu ili ununue sidii ya pili. Mtazamaji wa Mkoani pesa yake kaipata kwa tabu, mpeni hadithi nzima.

Mwezi ujao nataka barua za filamu za kutafsiriwa na madijei, na mniambie kwa jina ipi iliyowaliza na sehemu gani hasa.