Maswali yenu kuhusu Holi: Prahlada, moto na rangi

Kwa nini katika sikukuu ya Holi Wahindu huwasha moto mkubwa usiku wa kuamkia siku ya kurushiana rangi?

Kwa ajili ya mtoto, Prahlada. Baba yake, mfalme Hiranyakashipu, alipewa na mungu Brahma ahadi nzito: hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote. Kiburi kikamjaa, akataka aabudiwe yeye. Mwanawe akakataa, akaendelea kumwomba mungu Vishnu. Baba akajaribu kila njia ya kumuua, hatimaye akamwita dada yake Holika, ambaye moto haumdhuru. Shangazi akampakata mtoto juu ya kuni, zikawashwa. Aliyeungua ni Holika. Wengine husimulia kwamba alijitanda shuka isiyoshika moto, upepo ukaipeperusha ikamfunika Prahlada.

Wengi huishia hapo, na mimi husikitika, maana utamu uko mbele. Mfalme alimuuliza mwanawe: huyo Vishnu wako yumo hata ndani ya nguzo hii? Yumo, akajibu. Nguzo ikapigwa, ikapasuka, akatoka Narasimha, yaani Vishnu mwenyewe katika umbo la nusu mtu nusu simba. Ilikuwa saa ya magharibi, si mchana si usiku. Akamshika mfalme kizingitini, si ndani si nje, akamlaza mapajani, si ardhini si angani, akamrarua kwa kucha. Ahadi haikuvunjwa hata neno moja, na mfalme alikufa.

Na rangi zimetoka wapi?

Kwa mungu Krishna. Inasimuliwa alimlalamikia Yashoda, mama aliyemlea, kwamba yeye ni mweusi na Radha, mpenzi wake, ni mweupe. Mama akamwambia: nenda kampake usoni rangi uitakayo. Hadi leo, siku chache kabla ya Holi, wanaume wa Nandgaon, huko India, alikokulia Krishna, huenda Barsana, kwao Radha, na wanawake huwapokea kwa fimbo, wao wakijikinga kwa ngao. Zamani rangi zilitokana na maua ya mti wa palash yaliyochemshwa, na bizari. Nyingi za dukani leo ni za kemikali, huwasha macho na ngozi.

Mbona tarehe hubadilika?

Hufuata mwezi mpevu wa Phalguna, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Mwaka 2024 siku ya rangi ilikuwa Machi 25, na 2025 ikawa Machi 14. Kila baada ya takribani miaka 3 huongezwa mwezi mzima, ndiyo maana Holi haizunguki mwaka wote kama Idi.

Jirani zangu wa asili ya Gujarat hapa Mombasa huzunguka moto wakiwa na nazi na tende. Ya nini?

Ni sadaka. Nazi, tende, bisi na dengu za kukaanga hupelekwa motoni, na baadaye watu hugawiwa wale kama tabaruku. Ukimwona mzazi anazunguka moto na mtoto mchanga, hiyo ni Holi ya kwanza ya mtoto huyo. Siku ya rangi wao huiita Dhuleti.

Nimealikwa. Naweza kukataa kupakwa?

Ndiyo, kabisa. Kuna msemo wa Kihindi usemao usikasirike, ni Holi. Ni msemo mzuri wa upatanisho, lakini wapo wanaume wanaoutumia kuwashika wanawake wasiotaka. Huo ni udhalilishaji, na sikukuu haiuhalalishi. Vaa nguo usiyoionea uchungu, jipake mafuta mwilini na kichwani, na ukisema hapana iwe hapana.

Ni kweli wajane hawachezi Holi?

Katika baadhi ya jamii desturi ilikuwa kali: mjane avae nyeupe, asiguse rangi, akae mbali na sherehe. Vrindavan, mji wa Krishna, huishi maelfu ya wajane, wengi wakiwa wametoka Bengal. Mwaka 2013 shirika la Sulabh International lilianza kuwaandalia Holi yao. Mwaka 2016 wakacheza ndani ya hekalu la Gopinath, vikongwe kwa vijana, wakirushiana maua na unga wa rangi mpaka zile sari nyeupe hazikujulikana tena kuwa nyeupe.