Watoto 40, mpira mmoja: majibu kuhusu michezo ya watoto mtaani

Mimi ni kiongozi wa vijana kanisani, Kayole. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana na watoto kama 40 wa miaka 7 hadi 12 kwenye uwanja wa shule. Tuna mpira mmoja na watu wazima watatu. Wiki za kwanza walifurika, sasa wanapungua. Tunakosea wapi?

Anzeni kwa saa. Mmoja wenu amchague mtoto mnyamavu, asiye mchezaji hodari, amtazame dakika 10 akihesabu sekunde anazokimbia, kuruka au kurusha. Mtashangaa jinsi zilivyo chache. Chukueni mbio za kupokezana: watoto 40, mistari miwili, kila mtoto akitumia sekunde 15 kwenda na kurudi. Kila mstari una watoto 20, kwa hiyo zamu hurudi baada ya dakika 5. Katika nusu saa mtoto amekimbia mara 6, yaani dakika moja na nusu tu. Muda uliobaki amesimama juani akitazama migongo ya wenzake. Gawanyeni watoto hao hao katika mistari minane ya watano watano, na kila mmoja atakimbia mara 24. Watoto wenu hawajachoka na michezo, wamechoka kungoja.

Kwa hiyo acheni kuwaweka wote pamoja. Gaweni vikundi vinne vya watoto 10, vituo vinne, dakika 10 kila kituo na dakika 2 za kuhama na kunywa maji. Hizo ni dakika 48. Tangulizeni dakika 10 za kupasha mwili joto kwa mchezo wa kukimbizana. Mwishoni wekeni dakika 12 za mchezo wanaouchagua wenyewe na 5 za kutembea na kunyoosha misuli. Jumla ni dakika 75, na hazihitaji kuzidi hapo.

Kituo cha kwanza ni mpira, watano kwa watano bila kipa, ndani ya hatua 20 kwa 15. Magoli yawe na upana wa hatua mbili, yakiwekwa chupa za nusu lita zilizojazwa mchanga nusu. Chupa tupu hupeperushwa na upepo kila dakika. Kwa umri huu mpira wa saizi ya 4 unafaa. Saizi ya 5 ni mzito kwa mguu wa mtoto wa miaka 8.

Cha pili ni mbio za vijiti, mistari miwili ya watano, kuruka juu ya maboksi ya katoni na kurudi. Kijiti ni kipande cha mpini wa ufagio cha sentimita 30, kilichopigwa msasa. Tumieni boksi tupu, kamwe si ubao au kamba iliyofungwa pande zote: mtoto akigonga boksi linaanguka, akigonga kamba anaanguka yeye.

Cha tatu ni kurusha mpira wa matambara kupita kamba iliyotundikwa mita 2 juu. Siku hizi hakuna mifuko ya plastiki ya kusokotea mpira, kwani ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kwa kazi hii matambara ni bora zaidi. Kunjeni vipande vya sponji ya godoro kuukuu, vivisheni soksi mbili, kisha fungeni kwa uzi wa katani kila upande. Msitie jiwe ndani ili kuongeza uzito. Wote warushe upande mmoja, na asiwepo wa kwenda kuokota kabla ya filimbi.

Cha nne ni kuruka kamba au blada, yaani kuruka kamba ya mpira inayonyumbulika iliyonyooshwa kati ya watoto wawili. Mtoto akikanyaga kamba katikati, ncha zake zifike kwapani. Ikizidi humnasa miguu. Kituo hiki hujiendesha, kwa hiyo mtu mzima wa kwanza asimame kwenye kurusha, wa pili kwenye mbio, na wa tatu azunguke kati ya mpira na kamba.

Halafu ondoeni michezo ya kutoa watu. Katika mchezo wa kati, ambapo walio katikati hukwepa mpira unaorushwa, anayepigwa hutoka, na anayetoka kwanza huwa ni yule yule mzito au mwoga, ambaye ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote. Badilisheni sheria: aliyepigwa abadilishane nafasi na aliyerusha.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kuongeza mapigo ya moyo, na angalau siku 3 kwa wiki mazoezi makali na ya kuimarisha misuli na mifupa. Jumamosi moja haiwezi kubeba mzigo huo. Ndiyo maana tunasisitiza kamba, blada na kati: ni michezo ambayo mtoto ataibeba hadi kwenye ua wa ploti yao siku ya Jumanne.

Kabla ya kuanza, watu wazima watembee uwanja mzima kwa mstari wakiokota vioo, misumari na nyaya. Goli la chuma lisilofungwa chini lilazwe au libanwe kwa magunia ya mchanga, kwa sababu magoli ya aina hiyo yakiangukia watoto huua. Wekeni daftari lenye jina, mwaka wa kuzaliwa, simu ya mzazi na ugonjwa wowote. Mtoto akigongwa kichwa na kuonekana amezubaa, hachezi tena siku hiyo, hata akiapa yuko sawa. Apelekwe hospitali.

Hatuna mfadhili. Tutawezaje kuendelea? (Dandora)

Vitu tulivyotaja hapo juu havihitaji mfadhili. Kinachovunja vikundi vingi ni uwanja na watu. Ombeni uwanja kwa barua kwa mwalimu mkuu, mkitaja siku, saa, idadi ya watoto na nani atakayefagia. Ahadi ya kufagia ina nguvu: MYSA, chama cha michezo ya vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kilijengwa juu ya wazo hilo. Timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, si kwa mabao peke yake.

Binti yangu ana miaka 12. Alipenda voliboli, sasa hataki hata kusikia. Nimlazimishe? (Mama wa Umoja)

Usimlazimishe, mama, lakini usinyamaze. Muulize mkiwa wawili tu, na uulize mambo mahususi: kuna choo chenye mlango unaofungika? Nguo za mchezo zinambana kifua au zinamwonyesha mapaja? Kuna anayemcheka? Akiwa kwenye hedhi anapata wapi pedi? Mara nyingi jibu liko hapo. Sidiria ya michezo inayomkaa sawa, taitsi chini ya kaptura na pakiti ya pedi kwenye mkoba wa kocha hurudisha wasichana wengi uwanjani. Mazoezi yaishe saa kumi na moja jioni ili wafike nyumbani pamoja kabla ya giza.

Angalia na nyumbani. Iwapo kaka yake hutoka kucheza Jumamosi huku yeye akifua, zigawe kazi hizo upya.

Kijana wangu wa miaka 9 ana pumu. Acheze? (Lang'ata)

Acheze, pumu ikiwa imedhibitiwa. Muulize daktari kama anahitaji inhela kabla ya mazoezi. Wengi huelekezwa kuitumia dakika 10 hadi 15 kabla. Apashe mwili joto polepole kwa dakika 10 au zaidi. Baridi ya Julai na vumbi la uwanja huweza kumsumbua, kwa hiyo nyunyizeni maji uwanjani. Inhela ikae kwa kocha pembeni mwa uwanja, si ndani ya begi lililofungiwa darasani. Akianza kukohoa au kubanwa kifua, akae wima na apewe dawa kama daktari alivyoandika. Asipopata nafuu haraka, mpelekeni hospitali.

Kocha anataka mwanangu wa miaka 11 afanye mazoezi ya mpira kila siku ili afike mashindano ya shule za Afrika Mashariki. Ni sawa? (Baba wa Buruburu)

Mashindano hayo, yanayoendeshwa na FEASSSA, shirikisho la michezo ya shule za Afrika Mashariki, ni hasa ya shule za sekondari. Yalifanyika Huye, Rwanda, mwaka 2023 na Kakamega mwaka 2025. Njia yake hupitia shuleni: kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, ndipo Afrika Mashariki. Mtoto wa miaka 11 ana muda.

Kanuni wanayoitumia madaktari wa michezo ni kwamba saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Kwake ni saa 11, na siku moja au mbili za kupumzika. Maumivu ya kisigino, au uvimbe chini ya goti unaouma akipiga magoti, ni dalili kwamba mfupa unaokua unavutwa kupita kiasi. Mpunguzie mbio na kuruka mpaka maumivu yaishe, na akichechemea amwone daktari. Msimu mmoja kwa mwaka acheze kitu kingine kabisa: kuogelea, mpira wa mikono au riadha.