Maisha ni yako, lakini gari tumepanda wote

Ubishi kuhusu sheria ya kufunga mkanda wa usalama garini nimeusikia sana kwa watu ninaowapa lifti: "Maisha ni yangu, serikali inahusikaje?" Kwa dereva aliye peke yake garini, hoja hiyo ina uzito kidogo. Mkiwa wawili, haina tena.

Chukua abiria wa nyuma ambaye hajafunga mkanda. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, likagonga na kusimama ghafla. Yeye hasimami. Anaendelea kwa kasi ileile mpaka akutane na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni kiti cha mbele pamoja na aliyekikalia. Dereva aliyejifunga vizuri anaweza kuuawa na mtu aliyekuwa akisinzia nyuma yake. Hapo sheria hailindi mtu dhidi ya nafsi yake tu, inamlinda pia jirani.

Wapo wanaosema elimu ingetosha, bila sheria. Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya magari ya Volvo, alibuni mkanda huu wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni, mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu wengine wautumie. Jimbo la Victoria, Australia, liliulazimisha mwaka 1970. Uingereza ilipiga kampeni miaka na miaka, watu wengi wakaendelea kuuacha uning'inie. Ulipokuwa lazima kwa viti vya mbele mwaka 1983, waliofunga walipanda kutoka karibu asilimia 40 hadi zaidi ya 90. Viti vya nyuma kwa watu wazima vilisubiri hadi 1991, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Mimi sheria naitumia kama kinga ya adabu. Kumwamrisha mtu mzima ni kazi, kwa hiyo nasema kabla sijawasha gari: "Shangazi, naomba ufunge mkanda, wakitusimamisha nitaulizwa mimi." Anafunga, hakuna aliyevunjiwa heshima. Gari likishaanza kwenda, umechelewa. Utabembeleza safari nzima.

Kisha geuka utazame. Wengine huupitisha chini ya kwapa kwa sababu unawakwaruza shingo, na gari likigonga, nguvu yote inaishia kwenye mbavu. Uvuke katikati ya bega na kifua, na ule wa chini ulale kwenye nyonga, si tumboni. Mjamzito aupitishe chini ya mimba. Na yule anayechomeka kifungio kitupu ili kuzima mlio wa gari unaomkumbusha kufunga, mwambie ashuke au afunge.